Kuharakisha utafutaji wa indeksi kiotomatiki kwenye PostgreSQL

Programu ya kupendekeza indeksi hupoteza muda wake mwingi ikiiuliza PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, swali moja: kwiri hii (ombi la data) ingegharimu kiasi gani kama indeksi fulani (muundo wa kuharakisha utafutaji kwenye jedwali) ingekuwapo? Kwiri 500 ukizipimia indeksi 200 ni maswali 100,000. Punguza maswali hayo kwanza.

Weka pg_stat_statements, kiendelezi kinachorekodi takwimu za kwiri, kwenye mpangilio wa shared_preload_libraries, washa seva upya, kisha iache ikusanye takwimu mpaka ripoti za mwisho wa mwezi nazo zipite. Panga kwiri kwa total_exec_time (muda wa jumla), si kwa mean_exec_time (wastani). Kwiri ya milisekunde 3 inayoitwa mara milioni kwa siku inakula dakika 50. Ya sekunde 20 inayoendeshwa usiku mara moja inaweza kusubiri. Chukua za juu mpaka zifikie kama asilimia 90 ya muda wote.

Kila indeksi ipimie kwiri zinazogusa jedwali lake tu. Kolamu zitoke kwenye WHERE, JOIN na ORDER BY. Za usawa (=) zitangulie, za masafa (kama >=) zifuate. Majedwali madogo yaache.

Kupima, tumia HypoPG, kiendelezi kinachounda indeksi ya kubuni bila kuijenga kweli:

SELECT hypopg_create_index('CREATE INDEX ON miamala (mteja_id, tarehe)');
EXPLAIN SELECT * FROM miamala WHERE mteja_id = 42 AND tarehe >= '2024-01-01';

Usiongeze ANALYZE, kwani hapo kwiri inaendeshwa kweli na indeksi ya kubuni haihesabiwi. Indeksi hiyo pia inaishi ndani ya muunganisho ulioiunda peke yake. Ukipitia PgBouncer (programu ya kushirikisha miunganisho) katika hali ya transaction, ambapo muunganisho hubaki wako kwa muamala mmoja tu, EXPLAIN inaweza kuangukia muunganisho mwingine, na programu itaripoti kwamba hakuna faida yoyote. Unganisha moja kwa moja na seva.

Chagua indeksi yenye faida kubwa kuliko zote, kisha pima upya kwiri za jedwali hilo tu. Gharama nyingine zilizohifadhiwa bado zinafaa. Kolamu inayobadilishwa mara kwa mara, kama hali ya muamala, iogope: kuiwekea indeksi kunazuia masasisho ya HOT, yaani yale yasiyohitaji kuongeza maingizo mapya kwenye indeksi. Linganisha n_tup_hot_upd (masasisho ya HOT) na n_tup_upd (masasisho yote) kabla na baada.

Jenga kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY, ambayo haizuii uandishi, nje ya muamala wa SQL. Ikikatika njiani huacha indeksi batili ambayo kwiri hazitumii, lakini inaweza kuendelea kulemea kila uandishi. Itafute kwenye pg_index (jedwali la mfumo linaloorodhesha indeksi), indisvalid ikiwa false, uifute ndipo urudie.