Kumwambia mumeo unachokitamani, wakati nyumba yenyewe ni mama ingia pole

Anayeishi kambi ya polisi Kampala anazijua zile nyumba za duara za mabati tunazoziita mama ingia pole. Pazia ndilo linalotenganisha kitanda na jiko, watoto wako upande wa pili, na jirani husikia hata mume akikoroma. Kwa hiyo mambo haya usiyazungumzie kitandani. Mimi na Baba Shamim huenda Ggaba, tunaagiza ngege wa kukaanga, tunakaa bega kwa bega tukitazama ziwa. Macho yakiwa kwa wavuvi, ulimi hulegea.

Usianze na lawama. Ukisema "hunifikishi", afande atanuna wiki nzima. Anzia palipo patamu tayari: "Baba Shamim, ulivyonishika mgongo juzi, nataka tena, na taratibu zaidi." Omba kimoja tu, kidogo: taa isizimwe, au "leo uanze wewe".

Kisha muulize lake, na likikushangaza usicheke. Kusema "hilo siliwezi" ni haki yako. Kicheko ndicho kinachomfunga mtu mdomo kwa miaka. Wangu alisema anatamani kulazwa mapajani apapaswe kichwa. Mwanaume wa kubeba bunduki! Nikajifanya nachambua miiba ya samaki mpaka uso ukatulia.

Ssenga, shangazi anayemfunda binti mambo ya ndoa, atakufundisha mengi, nami namheshimu, ila mafunzo yake mengi ni ya kumridhisha mume. Wewe unapenda nini, hakuulizi. Jiulize mwenyewe kabla hujaenda Ggaba.

Akipelekwa kikazi mbali, kule Karamoja, ongeeni usiku kwa simu. Picha za utupu usitume. Kioo kikipasuka, simu inakwenda kwa fundi na picha zako zote. Na kama mumeo ni wa kupiga, acha kwanza haya yote, tafuta usalama wako.

Tamaa ya mtu wa nje nayo huja, hata kwenye ndoa njema. Chunguza anakupa nini hasa. Mara nyingi ni kusikilizwa tu, na hilo unaweza kuliomba nyumbani. Ikiwa umeshavuka mpaka naye bila kinga, wahi hospitali ndani ya saa 72 upewe dawa za kuzuia VVU, za kumeza siku 28, na nyumbani iwe kondomu mpaka vipimo vya mwisho vitoke. Kliniki ya kambini usiende, wauguzi wote wanamjua mumeo.