Jinsi ya kuisoma dini ya Warumi wa kale kwa maandishi yao wenyewe

Wengi huingia kwenye dini ya Warumi kwa mlango wa hadithi: Jupiter na radi zake, Venus na mapenzi yake. Hadithi ni tamu, ila Mrumi akiabudu hutamwona humo. Mtafute shambani kwa Cato, mwanasiasa na mwandishi wa Roma.

Hatua ya 1. Chukua sala moja tu. Karibu mwaka 160 K.K. Cato aliandika mwongozo wa kilimo, na tovuti ya LacusCurtius inao bure, Kilatini na tafsiri ya Kiingereza. Fungua sura ya 139. Mkulima anataka kupunguza miti kwenye kijisitu kitakatifu. Kwanza amtoe nguruwe kafara, huku akisema: "Uwe mungu wa kiume, uwe wa kike, wewe mwenye mahali hapa patakatifu..." Simama hapo, usome tena. Hajui anaongea na nani, na bado sala inaendelea! Kinachomshughulisha ni maneno yasiache mwanya. Anaombea hata kazi itakayofanywa na mtu mwingine kwa amri yake, kama anayeandikishiana mkataba na mwenye ardhi.

Hatua ya 2. Piga mistari kwenye daftari upate safu tatu: nani anatenda, anatenda nini, anasema nini. Safu ya "waliamini nini" usiiweke kwanza. Najua inauma, maana ndilo swali linalotuleta huku, lakini ukilitanguliza utawajibia Warumi kwa imani yako mwenyewe. Jaribu safu hizo kwenye sura ya 141. Mungu Mars anapewa nguruwe, kondoo na ng'ombe, wote wangali wananyonya. Dalili zikionyesha sadaka haikupokewa, mkulima anatoa tena, akitamka kwamba kama sadaka ya kwanza haikumridhisha Mars, hii ya pili ndiyo kafara yake.

Hatua ya 3. Tafsiri kwa maneno tuliyo nayo. Kafara, nadhiri na tambiko vimo midomoni mwetu, na vinafaa kuliko "ibada" ya jumla. Neno la Kilatini la kuogopa ni religio. Ukiliandika "dini" kila linapotokea utapotea, kwa kuwa mara nyingi ni ule uzito wa moyo unaomzuia mtu kukiuka jambo la miungu.

Hatua ya 4. Nenda kwenye mawe. Madhabahu nyingi ndogo, hata za askari wa mipakani, huishia na herufi nne: V S L M. Maana yake, ametimiza nadhiri kwa hiari, kama ilivyostahili. Aliomba, akapata, akalipa. Hifadhidata ya Clauss-Slaby ina maandishi kama hayo kwa maelfu.

Hatua ya 5. Tukio moja lisome kwa mashahidi wawili. Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 186 K.K., Seneti, baraza kuu la Roma, ilipowabana waabudu wa Bacchus, mungu wa mvinyo. Mwanahistoria Mrumi Livy, aliyezaliwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, anasimulia mikesha ya usiku, uovu na mauaji, na kutaja watuhumiwa zaidi ya 7,000. Lakini agizo lenyewe tunalo, limechongwa kwenye bamba la shaba lililopatikana Tiriolo, kusini mwa Italia, mwaka 1640, na sasa liko Vienna. Halikuifuta ibada hiyo kabisa. Anayeihitaji aende Roma kwa praetor (hakimu mkuu), Seneti iamue wakiwapo wajumbe wasiopungua 100, na waabudu wasizidi watano: wanaume wawili, wanawake watatu. Mwanamume asiwe kuhani. Mfuko wa pamoja wa fedha, marufuku.

Lianze bamba, Livy afuate. Ukianza naye, atakujaza hofu ya mikesha ile, na mstari wa mfuko wa fedha utaupita bila kuuona. Uandike kwenye safu ya pili, kisha ndipo ufungue kitabu chake cha 39.