Kuitambua bogoya kwa jicho na kwa ulimi

Ukifika Kampala ukaomba "ndizi", utapewa ndiizi, zile ndogo tamu zenye ganda jembamba. Ukitaka Gros Michel, aina ya ndizi kubwa tamu ya kuliwa mbivu, sema bogoya. Ndiyo iliyotawala biashara ya ndizi duniani hadi mnyauko wa Panama, ugonjwa wa ukungu unaoua migomba, ulipowasukuma wafanyabiashara kwenye Cavendish, aina nyingine ya ndizi kubwa, miaka ya 1950 na 1960. Tatizo ni kwamba muuzaji anaweza kuita bogoya kila ndizi kubwa ya kumenya.

Anza na ncha, si rangi. Chukua kidole cha katikati ya chane (cha pembeni hupinda, umbo lake hudanganya) ukitazame upande lilipokuwa ua. Bogoya hujibana pale kama shingo ya chupa. Cavendish huishia butu. Kisha pima ganda kwa kucha: la bogoya ni nene na halichubuki ovyo. Ndiyo maana zamani ilisafirishwa melini mikungu mizima, wakati Cavendish ilidai maboksi.

Rangi usiitegemee. Cavendish ikiivia kwenye joto la kupita nyuzi 24 hivi, ganda hubaki na ukijani huku ndani imeshalainika.

Kwa kuonja, nunua chane moja ya kila aina, zilizopevuka sawasawa: kidole kimejaa, pembe zake karibu zimefutika. Ziweke kivulini, si kwenye friji; chini ya nyuzi 13 ganda huwa jeusi na ndizi haiivi vizuri. Onja siku madoa ya kahawia yanapoanza kutokea, madogo kama punje za mtama, na zote mbili ziwe zimefikia hapo. Kulinganisha iliyoiva na isiyoiva ni kupoteza ndizi.

Menya, nusa mara moja, halafu kata kipande cha sentimita 2 katikati. Usikimbilie kutafuna: kiponde kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Bogoya hulainika kama krimu, utamu wake umejaa na harufu yake hubaki kinywani. Ukisikia uchachu kidogo, huenda umeshika ndiizi. Suuza kinywa kwa maji kabla ya kipande kingine.

Ulimi ukikauka na kukwaruza, huo ni ukakasi: ngoja siku moja au mbili. Lakini ikiwa ganda ni njano tupu na ndani bado kuna ladha ya unga, ndizi ilikatwa changa au ililazimishwa kuiva. Kuingoja hakutasaidia sana.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Uganda na Kagera hulimwa FHIA-17, chotara ambayo mama yake ni Highgate, yaani Gros Michel iliyobadilika ikawa fupi. Ladha zimekaribiana kama ndugu. Hapo muulize mkulima mche ulitoka wapi: kwa jirani, au kwenye mradi; wa mradi huenda ukawa FHIA-17.