Civilization VI: usizipoteze zamu 50 za mwanzo

Kosa ninaloliona kila mara kwa wageni wa Civilization VI, mchezo wa video wa kujenga dola, ni kuupenda mji mmoja kupita kiasi. Wanauwekea Stonehenge, mojawapo ya maajabu ya mchezo, zamu zinapita, kumbe jirani kashajenga miji minne. Mimi natoa skauti kwanza, halafu mpiga kombeo, halafu mlowezi, yule anayeanzisha mji mpya. Zamu ya 50 nataka inikute na miji mitatu angalau. Maajabu yasubiri, maana mwingine akiyamaliza kabla yako, huyapati tena.

Kabla ya kuanzisha mji, angalia maji. Mto au ziwa huupa mji makazi 5 (yaani nafasi za watu), pwani 3, pakavu 2 tu. Makazi yakijaa, watu hawaongezeki kwa kasi, na bila watu wa kutosha huwezi kuongeza wilaya, yaani sehemu za mji zenye kazi maalumu: ya pili inahitaji mji uwe na watu 4, ya tatu 7. Kwa hiyo nipo radhi mlowezi wangu atembee zamu mbili zaidi kuufuata mto.

Mabarbari, wavamizi wasio wa taifa lolote, wanawaumiza wengi. Skauti wao akiuona mji wako, hukimbia kambini kupeleka habari, na baadaye kundi zima linakuja. Usimwache aondoke! Mzibie njia, mpige. Mpiga kombeo wako akimuua, utafiti wa upigaji mishale unapata msukumo pia, na hapo wapiga mishale wako njiani.

Mjenzi naye anaweza kujenga mara tatu tu. Anza na ngano, ng'ombe au mawe, mashamba ya kawaida baadaye.