Jinsi ya kuomba mkataba wa ushirikiano kati ya fakultati (kitivo cha chuo) na ofisi ya mipango ya jimbo, Lubumbashi

Kila mwaka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanashuka kwenye komini (mitaa mikubwa ya mji) za Katuba, Kenya na Ruashi na fomu za uchunguzi mkononi. Wanahesabu visima, wanapima mifereji, wanawauliza akina mama wauza makala (makaa ya kupikia) magunia yametoka wapi. Kazi inatetewa, inapata pointi, inalala kwenye rafu. Mjini humo humo, ofisi ya mipango inaandika mpango wa maendeleo kwa hesabu za kukadiria, maana sensa ya mwisho ya nchi yetu ya Kongo ni ya 1984. Inaniuma kuona vitu hivi viwili havikutani. Mkataba wa ushirikiano unavikutanisha kihalali, na kuuomba kunawezekana ukijua uanzie mlango gani.

Jua kwanza unamwomba nani

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu jina la Plani (mipango) liko kwenye milango miwili. Diviziyo ya Plani ni mkono wa wizara ya taifa hapa jimboni, na ripoti zake zinakwenda Kinshasa. Waziri wa jimbo anayeshughulikia Plani ni mtu wa serikali ya Gavana, na Katiba ya 2006 imeweka mipango ya jimbo kati ya kazi za jimbo lenyewe. Ukitafuta takwimu, uchunguzi wa pamoja au nafasi za mazoezi kwa wanafunzi, andikia Diviziyo. Ukitaka matokeo yako yaingie kwenye mpango na bajeti ya jimbo, andikia waziri. Kwa vyovyote, mmoja aandikiwe na mwingine apate nakala. Nimeona maombi mazuri yakikwama kwa sababu tu upande mmoja ulisikia habari barabarani.

Kumbuka pia kwamba Katanga iligawanywa 2015 ikazaa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Utafiti wako ukiwa Kolwezi, mji mkuu wa Lualaba, barua inakwenda Kolwezi.

Kuna mlango wa tatu ambao watu wa chuo wanausahau: serikali ndogo za mahali, yaani komini za mjini, sekta na uchifu wa vijijini. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaligawia jimbo asilimia 25 ya ada ya uchimbaji, na asilimia 15 inakwenda kwa komini, sekta au uchifu ambamo mgodi umo. Pesa hizo zinatakiwa kujenga miundombinu ya msingi ya wananchi. Sasa, utachagua vipi kati ya zahanati na barabara kama huna mpango wa maendeleo wa mahali ulioandikwa vizuri? Fakultati yenye watu wa kilimo, uchumi au jiografia ingeweza kukaa na wazee wa uchifu kama Kaponda, kule teritwari (wilaya) ya Kipushi, ikawasaidia kuuandaa. Ningekuwa naanza leo, ningeanzia huko.

Nenda ukasikilize kabla ya kuandika

Mara ya kwanza tulipeleka kurasa 5 za nadharia kwenye ofisi moja. Mkubwa wa pale alizipindua polepole mpaka mwisho, akanitazama, akasema: "Bwana Assistant, hii itanionyesha shule iwekwe wapi?" Sikuwa na jibu. Tulirudi nyumbani tukaanza upya.

Kwa hiyo omba miadi, kaa, uliza: ni hesabu gani mnaikosa kila mnapoandika mpango? Andika jibu kwa maneno yao. Kutoka hapo utengeneze maelezo ya kurasa 2, si zaidi: swali, eneo, watakaokwenda, muda, gharama, na kitu ambacho ofisi itakishika mkononi mwishoni. Ramani ya visima ya mtaa mmoja ina uzito kuliko ahadi ya "kuimarisha utafiti".

Barua na njia yake

Fakultati haina nafsi ya kisheria, chuo ndicho kinayo. Maana yake, anayetia sahihi kwenye mkataba ni Rekta (mkuu wa chuo), wala si doyen (mkuu wa fakultati), hata kama wazo lote ni lako. Anza na baraza la departementi (idara), halafu barua iende kwa Rekta kupitia kwa doyen, ikiwa na yale maelezo ya kurasa 2 na rasimu ya mkataba. Kama ndani yake kuna pesa, Administrateri wa bajeti aisome mapema. Akiiona siku ya sahihi tu, itarudi nyuma. Rekta akikubali, yeye ndiye anaiandikia ofisi ya mipango.

Barua iwe kwa Kifaransa, lugha ya kazi za serikali, na iwe ukurasa mmoja. Kwenye "Concerne", mstari wa kuhusu, taja jambo lenyewe, kwa mfano ombi la mkataba wa uchunguzi wa maji Ruashi. Ukiandika "ushirikiano" peke yake, sekretari hatajua aipeleke meza gani. Orodha ya wanaopata nakala, ile ya "Transmis copie pour information", iangalie mara mbili: vyeo viwe sahihi na kwa mpangilio wa ukubwa.

Peleka karatasi mbili. Moja inabaki, nyingine inapigwa muhuri wa kupokelewa, tarehe, na namba ya daftari la barua zinazoingia. Usitoke bila namba hiyo. Sisi tulitoka bila namba, na miezi 3 baadaye hakuna aliyeweza kusema barua iko wapi.

Mambo ya kuandika ndani ya mkataba

Takwimu ni za nani? Andika kwamba pande zote mbili zinabaki na nakala kamili, na kwamba majina ya wenye nyumba yanaondolewa kabla ya faili kutoka chuoni. Mama aliyekuambia anapata faranga ngapi kwa siku hakukubali jina lake lisomwe ofisini. Andika pia haki ya mwanafunzi kutetea na kuchapisha kazi yake, na muda ambao ofisi inapewa kusoma kwanza. Siku 30 zinatosha.

Mafuta ya gari, chakula cha njiani na karatasi viwe na mstari wao. Pesa ipite kwenye akaunti ya chuo, isipite mkononi mwa mtu. Wanaofuatilia mkataba watajwe kwa cheo, maana mkuu wa Diviziyo anaweza kuhamishwa na doyen anabadilika. Muda, namna ya kuvunja, namna ya kusuluhisha: mistari michache inatosha.

Kalenda

Bajeti ya jimbo inajadiliwa katika kikao cha Septemba cha bunge la jimbo. Uchunguzi unafanyika vizuri kiangazi, kuanzia Mei, kwa sababu mvua za Novemba hadi Machi zinafanya barabara za pembeni kuwa matope matupu. Hesabu kurudi nyuma: barua iingie Januari au Februari, sahihi ipatikane Aprili, timu itoke Mei, matokeo yafike mezani Agosti. Pitia ofisini kila wiki 2 na ile nakala yako yenye muhuri, kwa salamu na heshima. Sekretari akikuzoea, dosie (faili) yako haitapotea chini ya nyingine.

Baada ya uchunguzi, ripoti ya Kifaransa iende ofisini, na karatasi moja ya Kiswahili irudi mtaani, na ramani ibandikwe ukutani kwa komini. Liweke hilo kama kifungu cha mkataba, lisiachwe kwa moyo mzuri wa mtu.

Ukitaka kuurefusha, barua iende miezi 3 kabla ya mwisho, kwa njia ile ile: departementi, doyen, Rekta, muhuri, namba.