Nenda na rula: kuchagua baiskeli ya mlimani baada ya mbili za supamaketi

Ekseli ya nyuma ya baiskeli yangu, ule mhimili wa katikati ya gurudumu, ilikatika nikiwa Kiamunyi hapa Nakuru, natoka kupeleka sare za shule. Wala sikuwa nimeingia shimoni. Nilisikia tu "tak", gurudumu likalala upande na kuanza kusugua fremu. Nikaikokota hadi kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli kando ya barabara. Akaifungua, akaniwekea vipande viwili kiganjani. Mahali ilipokatika, nusu ilikuwa nyeusi kwa kutu na nusu inang'aa kama sindano mpya.

"Unaona hapa peusi, mama? Hapa palipasuka zamani. Umekuwa ukiendesha nusu ekseli."

Hiyo ilikuwa baiskeli yangu ya pili ya supamaketi, shilingi 16,500. Ya kwanza, 14,000, pedali ilichomoka na nyuzi zake za skrubu kwa sababu chuma cha kranki, ule mkono unaoshika pedali, kilikuwa laini. Zote mbili zilikuwa na springi mbele na nyuma, na stika kubwa ya gia 21. Ninayoendesha sasa ni mtumba, nimeilipia 32,000, na huu ni mwaka wake wa nne kwangu. Inapanda volkeno ya Menengai karibu kila Jumapili, na kutoka mjini Nakuru hadi ukingo wa juu kabisa, mita 2,278, ni kupanda zaidi ya mita 400. Ninaandika haya kwa yeyote wa Nakuru, Njoro au Bahati ambaye amechoka kununua baiskeli ileile mbovu mara mbili.

Kwanza achana na idadi ya gia. Gia nyingi si ubora. Achana pia na springi ya nyuma ikiwa bajeti yako ni ndogo. Kwa bei ya chini ile springi ni uzito tu: unakanyaga, baiskeli inadunda, nguvu yako inaishia hapo badala ya kwenda kwenye gurudumu. Tafuta fremu ngumu nyuma. Kama pesa zinatosha uma wa mbele (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) mzuri wenye springi, sawa. Kama hazitoshi, uma mgumu usio na springi ni bora kuliko springi mbovu. Jaribio lake ni rahisi. Shika breki ya mbele, lalia usukani kwa uzito wako wote, kisha uachilie ghafla. Uma mzuri hurudi juu taratibu, kwa sababu ndani yake mna kitu cha kuituliza springi. Mbovu hukurusha kama kitanda cha springi, na kwenye mteremko wa mawe utarushwa vivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu ambamo ekseli hupita, maana hapa ndipo nilipolia. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni friwili, ambapo meno yote ya nyuma pamoja na ule utaratibu wa kuzunguka bure huskruwiwa juu ya habu kama kifuniko cha chupa. Kwa kuwa friwili inachukua nafasi, gololi za upande wa gia hukaa ndani, mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila cha kukishikilia. Kila shimo linakipinda kidogo, hadi siku kinapokatika. Aina ya pili ni kaseti: ule utaratibu wa kuzunguka umejengwa kwenye habu yenyewe, na gololi za upande huo zinakaa nje kabisa, karibu na fremu. Ekseli inashikwa pande zote mbili.

Utazitofautishaje dukani? Inua gurudumu la nyuma, zungusha meno kinyumenyume, ukitazama katikati yake, pale penye vijimeno vya kuingizia kifaa cha fundi. Vikizunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti. Vikibaki vimesimama, ni friwili. Kwa mtu anayeenda sokoni kwenye lami, friwili haina ubaya. Kwa Menengai, au ile njia ya mawe ya kuelekea shambani kwa mama mkwe, dai kaseti.

Kwenye sehemu za gia utaona sana jina la Shimano. Ngazi zake za mlimani kutoka chini ni Tourney, Altus, Acera, Alivio, Deore, SLX, XT na XTR. Kwangu mimi Alivio ni mwanzo mzuri, na Deore ukiipata kwa bei ya haki, usiiache. Lakini angalia pote. Baiskeli nyingi huwekewa kitu kizuri kwenye ule mkono wa nyuma unaohamisha mnyororo, kwa kuwa ndio macho ya mnunuzi hukimbilia, halafu habu na kranki ni za hali ya chini. Chuchumaa nyuma ya baiskeli pia, uone kama mkono huo umening'inia wima. Kwenye fremu ya alumini hushikiliwa na kibati kidogo cha skrubu ambacho kimewekwa makusudi kipinde chenyewe kabla fremu haijaumia. Kibati kinabadilishwa. Fremu ikipinda pale, hasara ni yako.

Wengi wetu tutanunua mtumba, na hapo ndipo kazi ilipo. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nilienda na rula yangu ya chuma. Mnyororo ambao haujachakaa, ukipima kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 baada yake, unapaswa kuwa inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umekwisha, badilisha. Ukizidi kwa moja ya nane, tayari umekula na meno, na utanunua vyote viwili. Niliweka rula, pini ikapita alama. Muuzaji alinitazama sana. Akapunguza 3,000.

Kisha ng'ang'ania nguzo ya kiti. Fungua, ivute, izungushe. Baiskeli nyingi za mtumba hutoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi msimu wa baridi, na chumvi hiyo hugandisha nguzo ndani ya fremu. Ikikataa kutoka kabisa, ondoka, hata rangi ingekuwa nzuri namna gani. Pitisha ukucha kwenye maungio, hasa nyuma ya bomba la usukani na chini ya kiti. Mstari mwembamba kwenye rangi huweza kuwa ufa. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, usikie kama usukani unagonga. Shika mkono wa kranki, uyumbishe kushoto na kulia. Kucheza kidogo kunarekebishika, ila muuzaji akupunguzie bei. Nambari iliyogongwa chini ya fremu, pale kranki zinapopita, iandike kwenye risiti, na kama muuzaji hataki kuandika risiti, usimpe pesa.

Breki za raba zinazobana rimu zinatosha kabisa kama rimu hazijachimbika. Za diski ni bora kwenye matope, na zile za waya fundi yeyote atazirekebisha. Za mafuta zina nguvu zaidi, lakini bana mkono wake na ushikilie kwa dakika nzima. Ukizama polepole kuelekea usukani, kuna hewa au uvujaji. Ujue pia mafuta yake: Shimano hutumia mafuta ya madini, na ukimwaga mle mafuta ya breki ya gari utaharibu mipira yote ya ndani.

Magurudumu ni ya inchi 26, 27.5 na 29. Mimi nilichukua 26 kwa sababu tyubu zake nazipata hata duka la mtaani. Kimo nacho usikibahatishe. Simama juu ya bomba la fremu, miguu chini, pabaki angalau inchi mbili. Mimi nina futi tano na inchi tatu, na fremu ya inchi 15 ndiyo yangu. Muuzaji aliwahi kuniambia ya 19 "utaizoea". Fremu haizoeleki, kama gauni lisivyozoeleka likikatwa kombo.

Tenga 5,000 pembeni kabla ya kulipa. Zangu ziliisha siku ileile: mnyororo mpya, waya zote za breki na gia, raba za breki, tyubu mbili. Na kwa vumbi letu la Nakuru, usipake grisi kwenye mnyororo. Inashika vumbi na kuwa msasa. Futa kwa kitambaa kikavu, weka tone moja la mafuta mepesi kwenye kila kiungo, ngoja kidogo, kisha ufute tena hadi vidole visichafuke. Hapa kwangu mabaki ya vitenge hayaishi, na hiyo ndiyo kazi yake kila Jumamosi jioni.