Mahali pa kuketi ili kuwasikia ndege wa mtoni

Anayekwenda kupumzika katika nyumba ndogo ya mashambani iliyozungukwa na msitu na mto, naye anatamani kuwaona ndege kwa ukaribu, awe ameshaketi nje nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa ndege wengi huimba zaidi alfajiri, wakati upepo umetulia. Asikae karibu na maji yaendayo kasi, maana mngurumo wake humeza milio myembamba. Achague ukingo ambapo mto umetulia, jua likimjia kutoka mgongoni. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha kabisa hata chini ya kivuli cha miti. Zenye kukuza zaidi, kwa maoni yangu, hutikisika mno mkononi.